Kivuli, Mkato na Hesabu: Uhakiki wa Istilahi za Tomografia kwa Kuzingatia Kiswahili cha Kolwezi

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili una desturi moja inayostahili kuhojiwa. Aghalabu wajadili huuliza neno limetoka wapi, Kiarabuni, Ubantuni au Ulaya, na wakishakubaliana au kushindwa kukubaliana juu ya hilo huona kazi imekwisha. Ubishi mrefu wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni mfano unaojulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: neno likishakubaliwa, linamwezesha msemaji kufikiri nini, na linamnyima kufikiri nini?

Makala hii inalichukua swali hilo na kuliweka mbele ya kundi dogo la istilahi, yaani zile zinazotumika kutaja chombo kinachopiga mwili miali ya eksirei kutoka pande nyingi na kisha, kwa njia ya hesabu, kuonyesha jinsi ndani ya mwili kulivyo. Majina yanayosikika ni eksirei ya kompyuta, skani (au skana, au skaneri) na tomografia. Tutajaribu kuonyesha kwamba majina haya yanalingana katika kasoro moja: hakuna hata moja linalomwambia msemaji kwamba anachokiona ni jibu la hesabu. Kasoro hiyo si ya urembo wa lugha tu. Inamgusa mtu anayepokea jibu hilo juu ya mapafu yake.

Mahali tulipopachagua pa kuzipimia istilahi hizi ni Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015, katika ukanda wa shaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sababu ni mbili. Kwanza, wasemaji wa Kiswahili wa huko hupokea maneno ya hospitali na ya mgodi kwa njia ya Kifaransa, ilhali istilahi zetu sanifu zimetungwa tukiwa na Kiingereza mkononi. Istilahi isiyoweza kuvuka ziwa Tanganyika haistahili kuitwa ya Kiswahili chote. Pili, Kolwezi ni mji ambao maisha yake yote yanategemea kujua kilichomo ndani ya kitu kisichoonekana ndani. Wanajiolojia wake wanaijua shida ya tomografia hata kama hawajawahi kuliona jina lake.

2.0 Kivuli

Picha ya kawaida ya eksirei ni kivuli. Mwali hutoka upande mmoja, hupita mwilini, hufifishwa na kila kinachokutana nao njiani, na kinachosalia huangukia bamba la upande wa pili. Mfupa hufifisha zaidi, nyama kiasi, hewa kidogo sana. Sehemu moja ya bamba hupokea matokeo ya njia nzima: ngozi, ubavu, pafu, moyo, na ubavu wa nyuma, vyote vikiwa vimelaliana. Daktari stadi huvitenganisha kwa uzoefu wake, lakini bamba lenyewe halikuvitenganisha.

Katika Kiswahili cha Kolwezi picha hii huitwa radio, neno lililotokana na Kifaransa, na mgonjwa husema amepita radio. Neno hilohilo hutaja chombo cha kusikilizia habari. Mtu wa pwani anaweza kulicheka, lakini sisi tunaosema picha ya eksirei hatujafanya vizuri zaidi. Neno picha linatufanya tuamini kwamba kuna sura iliyokuwapo tayari na kwamba chombo kiliiona tu. Kwa kivuli, imani hiyo haina madhara makubwa, kwa kuwa kivuli kweli hutupwa na kitu. Kwa tomografia, imani hiyo ni kosa.

3.0 Hisabati ya mkato

Ili uhakiki wetu uwe wa haki, hatuna budi kueleza hesabu yenyewe. Msomaji asiye mwanahisabati asiogope. Kiini chake kinahitaji kujumlisha na kutoa tu.

Chukua kisanduku chenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kila chumba kina namba iliyofichwa, ambayo ni kiasi cha mwali kinachofifishwa ndani ya chumba hicho. Haturuhusiwi kufungua kisanduku. Tunaruhusiwa tu kupitisha mwali na kupima jumla. Mwali uliopita vyumba vya juu unatupa 5; uliopita vyumba vya chini unatupa 9. Sasa tunageuka na kupitisha miali kutoka juu kwenda chini: upande wa kushoto tunapata 8, upande wa kulia 6. Je, tumekwisha kuvijua vyumba? La hasha. Juu panaweza kuwa na 3 na 2, na chini 5 na 4. Lakini juu pakiwa na 1 na 4, na chini 7 na 2, jumla zote nne zinabaki vilevile. Vipimo vinne havikutosha kutambua namba nne, kwa sababu kimoja kati ya hivyo hakikuongeza habari mpya. Tukipitisha mwali mmoja zaidi kwa mshazari, kutoka chumba cha juu kushoto hadi cha chini kulia, na kupata 7, shaka imeondoka: ni 3 na 2, kisha 5 na 4, wala hakuna jibu jingine.

Hiyo ndiyo tomografia. Badala ya vyumba vinne kuna maelfu kwa maelfu, na badala ya pande tatu kuna mamia, lakini kanuni haibadiliki: ndani hujulikana kwa kusuluhisha jumla nyingi zilizochukuliwa kutoka pande mbalimbali. Upande mmoja tu, hata ukipimwa kwa uangalifu namna gani, hautoshi.

Pana hatua mbili za kuongeza. Ya kwanza ni kwamba mwali haupungui kwa kutoa bali kwa kugawanya: kila unene wa kitu hupunguza sehemu fulani ya mwali uliosalia. Ndiyo maana wapimaji huchukua logi ya uwiano kati ya mwali ulioingia na mwali uliotoka. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na hapo ndipo kipimo kinapokuwa jumla kama zile za kisanduku chetu. Hatua ya pili ni ya kurudisha. Njia ya mkato ni kukitandaza kila kivuli nyuma kwenye njia kiliyopitia, na kuviacha vivuli vyote vikutane. Vinapokutana kwa wingi kitu huanza kujitokeza, lakini kwa ukungu, kana kwamba kimezungukwa na nyota ya miali. Kwa hiyo kabla ya kutandazwa kila kivuli huchujwa: kingo zake hutiwa makali na pembeni mwake huwekwa namba hasi, ili ukungu wa kivuli kimoja ufutwe na namba hasi za vingine. Kuchuja huko kuna gharama yake, kwa kuwa kunakuza pia makosa madogo ya upimaji.

Mwishowe kila chumba hupewa namba katika kipimo cha Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni -1000. Mafuta ya mwili hukaribia -100, misuli iko karibu na 50, na mfupa mgumu huvuka mamia hadi kufikia 1000 na zaidi. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha vivuli vya kijivu elfu mbili kwa mara moja. Kwa hiyo mwendeshaji huchagua dirisha, yaani sehemu ya namba itakayotandazwa kati ya nyeusi na nyeupe. Dirisha la mapafu huzunguka -600. Dirisha la nyama huzunguka 40. Namba zilezile, zikitazamwa kwa madirisha hayo mawili, hutoa karatasi mbili ambazo mtu asiyejua angedhani ni za wagonjwa wawili.

Tumeona basi kwamba kati ya mwili na karatasi kuna logi, kuchuja, kutandaza na dirisha. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayoitwa kwa haki kupiga picha.

4.0 Kobalti ya Cape Town

Historia ya hesabu hii ina funzo kwa mwana istilahi. Mwaka 1917 mwanahisabati Johann Radon alithibitisha kwamba kitu kilichotandazwa juu ya bapa hujulikana kikamilifu kutokana na jumla zake katika mistari yote inayolikata bapa hilo. Hakuwaza hospitali. Uthibitisho wake ulilala katika jarida, na waliouhitaji baadaye hawakuujua.

Mmoja wao alikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusimamia kwa sehemu ya juma kazi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Aliona kwamba matibabu ya mionzi yalipangwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja kisicho na tofauti ndani yake, akajiuliza jinsi tofauti hizo zingeweza kupimwa kutoka nje. Mwaka 1957 alilijaribu wazo lake kwa kisahani cha alumini kilichozungushiwa pete ya ubao, akitumia mionzi ya kobalti-60. Hesabu ilimwonyesha kasoro ndogo katikati ya alumini, asiyoitarajia. Alipouliza karakana aliambiwa kwamba katikati kulikuwa na kipande cha alumini safi, ilhali sehemu iliyobaki ilikuwa ya mchanganyiko. Hesabu ilikuwa imekiona kitu ambacho mwenye chombo mwenyewe hakukijua.

Makala zake za mwaka 1963 na 1964 zilipita karibu bila kusomwa. Cormack alipenda kueleza kwamba ombi lililomfurahisha zaidi la nakala lilitoka katika kituo cha Uswisi cha kuchunguza maporomoko ya theluji: watu waliotaka kujua yaliyomo ndani ya mlima. Huko Uingereza Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alilifikia wazo hilohilo kwa njia yake. Jaribio lake la kwanza lilichukua siku tisa za kupima. Mgonjwa wa kwanza alipimwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wawili hao walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba.

Msomaji wa Kolwezi atakuwa amekwisha kulisikia neno kobalti. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba. Upande wa Likasi, mgodi wa Shinkolobwe ulitoa radiamu iliyotumika katika hospitali za Ulaya katika miaka ya 1920 na 1930, kisha urani iliyotengenezewa mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Haidhuru kobalti ya Cape Town ilichimbwa wapi. La maana ni kwamba ukanda huu uliingia katika historia ya mionzi kwa upande wa mawe, si kwa upande wa maneno. Mawe yalikwenda na yakapewa majina huko yalikokwenda. Yaliporudi kama vyombo, yalirudi na majina hayo.

5.0 Istilahi katika mizani

Sasa tuzipime istilahi zenyewe.

Eksirei ya kompyuta ni tafsiri ya mawazo ya Kiingereza. Inataja mionzi na inataja mashine, lakini uhusiano kati ya hivyo viwili umeachwa katika kiunganishi -a peke yake. Msikilizaji hudhani ni eksirei ileile iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, kama vile barua ya kompyuta ni barua ileile iliyopigwa chapa. Leo, ambapo hata kivuli cha kawaida hunaswa na kuonyeshwa kwa kompyuta, jina hili limepoteza hata uwezo wake wa kutofautisha.

Skani ina sifa ya ufupi, na skaneri ya Kolwezi ina sifa ya kueleweka na muuguzi aliyesoma kwa Kifaransa. Lakini neno hili linataja mwendo tu, yaani kupitia kitu hatua kwa hatua. Karatasi hupitishwa katika skana ya ofisini; fuko la usoni mwa mama mjamzito haliulizi tofauti, na tumbo lake likipimwa kwa mawimbi ya sauti watu husema vilevile skani. Vyombo vitatu visivyofanana hata kidogo vimepewa jina moja, na kimojawapo tu ndicho kinachompa mgonjwa mionzi kwa kiasi kinachozidi kile cha picha ya kawaida ya kifua makumi ya mara. Istilahi inayoficha tofauti hiyo ina hatari.

Tomografia ni afadhali. Asili yake ya Kiyunani inataja kukata na kuandika, na neno linavuka ziwa bila taabu kwa kuwa Kifaransa na Kiingereza wanalo wote wawili. Ila kwa msemaji wa Kiswahili asiyejua Kiyunani, mkato uliomo ndani yake umefungwa kwa kufuli. Neno linabebwa kama sanduku lisilofunguliwa.

Hapa inafaa kulinganisha lugha mbili tulizokopa kwazo. Kiingereza kimekiita chombo hiki kwa kutaja mambo mawili: mkato na ukokotozi. Kifaransa cha kitaalamu kimetaja mkato na kipimo cha msongamano. Kila moja imeona nusu. Ya kwanza inatuambia jinsi jibu linavyopatikana lakini haisemi ni jibu la nini. Ya pili inatuambia ni jibu la nini lakini haisemi kwamba limepatikana kwa hesabu. Kiswahili, ambacho kwa ajali ya historia kimekaa kati ya lugha hizo mbili, kinaweza kuziona nusu zote kwa pamoja, na sioni sababu ya kurithi upofu wa upande mmoja kwa kuwa tu ulifika Dar es Salaam au Lubumbashi kwanza.

6.0 Mgodi na kifua

Istilahi njema hupimwa kwa kazi. Katika ukanda wa Lualaba pana kazi mbili zinazolidai neno hili.

Ya kwanza ni ya mwamba. Tabaka za Kolwezi zimekunjwa na kuvunjika, na madini hayafuati mistari iliyonyooka. Mwanajiolojia hutoboa mashimo, hutoa mihimili ya mawe, hupima kila kipande, kisha huchora mkato wa ardhi anaoukisia kutokana na mashimo hayo. Naye pia anatafuta yaliyomo kwa vipimo vichache kutoka pande chache. Akitoboa kutoka upande mmoja tu, michoro mingi tofauti itakubaliana na vipimo vyake, kama vyumba vyetu vinne vilivyokubali majibu mawili. Gharama ya kukosea inajulikana huko: Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na pigo hilo likaja wakati ambapo uzalishaji wa Gécamines, uliokuwa umezidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa umeanza kuteremka. Siku hizi tomografia yenyewe hutumika katika maabara za madini kuonyesha mawe na punje zake bila kuyapasua. Humo nako hesabu ina mipaka yake: madini mawili yenye ufifishaji unaokaribiana hutoka na kijivu kimoja, na kitu kizito sana hutupa michirizi ya uongo katika mkato mzima. Mhandisi anayesema picha imeonyesha kobalti amesema zaidi ya alichopewa. Alichopewa ni namba, na namba hizo hazina budi kulinganishwa na kemia.

Kazi ya pili ni ya kifua. Vumbi la mwamba lenye silika huacha makovu katika mapafu, na kifua kikuu humwandama mwenye makovu hayo. Katika kivuli cha kawaida dalili za mwanzo hujificha nyuma ya mbavu na moyo. Mkato huondoa vinavyofunika na kuweka kila tabaka mahali pake. Kwa hiyo faida ni kubwa. Lakini tukumbuke historia ya mwili wa mchimbaji katika ukanda huu. Tangu siku za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, mwili huo ulikaguliwa na daktari wa mwajiri ili ijulikane kama unafaa kazi. Matokeo yaliandikwa kwa lugha ya ofisi, na mwenye mwili aliambiwa neno moja: unaweza, au huwezi. Je, mchimbaji wa leo anayepewa karatasi ya mkato anaweza kuuliza nini? Akiwa na neno picha tu, hawezi kuuliza lolote, maana picha hujibu yenyewe: tazama, ndivyo ulivyo. Akijua kwamba ni hesabu, anaweza kuuliza kama mtu anavyouliza hesabu yoyote. Imefanywa kwa dirisha lipi? Doa hili lipo kifuani mwangu au limetokana na nilivyojitikisa wakati wa kupimwa? Mkato wa mwaka jana ulisemaje?

Hayo si maswali ya mtaalamu. Ni maswali ambayo mtu wa kawaida angeyauliza kama lugha yake ingemwonyesha mlango.

7.0 Pingamizi

Tunatarajia pingamizi mbili.

Pingamizi la kwanza litasema kwamba Kiswahili cha ukanda wa shaba ni lugha ya kambi na ya amri za kazi, hakiwezi kubeba hisabati, na kwa hiyo hakuna maana ya kukizingatia tunapotunga istilahi. Historia inakanusha. Katika kambi za wachimbaji za Kolwezi, miaka ya 1950, vuguvugu la Jamaa lililoanzishwa na padri Placide Tempels lilijenga mafundisho mazito juu ya maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo, na lilifanya hivyo kwa Kiswahili cha hapohapo. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha zaidi ya mia moja, akazieleza moja baada ya moja kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian. Wachoraji wa wakati ule waliiita picha ya aina hiyo ukumbusho. Msomaji alitafakari neno hilo: hawakuitaja kwa rangi wala kwa turubai, bali kwa kazi inayoifanya kichwani mwa mtazamaji. Watu waliokwisha kuipa picha jina la kazi yake hawahitaji kufundishwa na yeyote kwamba taswira hutengenezwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema kwamba neno halilazimiki kubeba nadharia yote. Saa haielezi magurudumu yake, na watu huijua. Ni kweli, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) kimetukumbusha kwamba kukopa ni njia halali kama nyingine. Hatudai neno liwe somo zima. Tunadai tu kwamba pale ambapo neno lililopo linafundisha kosa, lisiachwe likae peke yake. Saa haimdanganyi mtazamaji kuhusu asili ya wakati. Picha humdanganya mgonjwa kuhusu asili ya kile anachokishika mkononi.

8.0 Hitimisho

Mapendekezo yetu ni mepesi. Kwa taaluma, neno tomografia libaki, kwa kuwa linaeleweka pande zote mbili za ziwa na linafaa vitabuni. Kwa zao la taaluma hiyo, yaani kile kinachowekwa mbele ya daktari, mgonjwa, au mwanajiolojia, tunapendekeza mkato wa hesabu. Maneno yote mawili yanajulikana Kolwezi kama yanavyojulikana Tanga. Hakuna haja ya Kiyunani, wala ya kamati. La kwanza linasema ni nini: tabaka moja la ndani, lililotengwa na yanayolifunika. La pili linasema limepatikanaje.

Neno hesabu lina sifa nyingine ambayo lugha za Ulaya hazikuitia katika majina yao. Katika Kiswahili hesabu si kujumlisha na kutoa tu. Mtu hutoa hesabu ya fedha alizokabidhiwa, na mwenye mali hudai hesabu. Mkato unaoitwa wa hesabu unadaiwa na jina lake wenyewe: umepatikana kwa pande ngapi, kwa dirisha gani, kwa makosa kiasi gani, na nani atajibu ukikosea. Katika ukanda ambao kwa zaidi ya miaka mia moja tani za shaba zimehesabiwa kwa uangalifu kuliko pumzi za waliozichimba, hilo si jambo dogo kulitia ndani ya neno.

Ni juu ya wahariri wa kamusi kulikubali pendekezo hili au kuleta lililo bora. Lakini atakayelikataa atuonyeshe, kwa Kiswahili ambacho mchimbaji wa Musonoi atakifuata, jinsi vile vyumba vinne vilivyokubali majibu mawili hadi mwali wa mshazari ulipopita. Neno litakalotumika katika maelezo hayo, na likaeleweka, ndilo litakalokuwa istilahi.